Mtoto Aliyekataa Kupokea Kitofali

Neno "mjinga" sijawahi kuliandika kwenye karatasi ya mtoto yeyote, na sitaliandika leo eti kwa sababu nimestaafu na hakuna wa kuniuliza. Mjukuu wangu aliyeniomba niwaandikie nyinyi mnaosomea ualimu na ushauri wa watoto alinisihi nitumie lugha laini. Alisema mna haraka, na mzee akianza kukaripia mnafunga ukurasa. Basi fungeni. Atakayebaki ndiye niliyekuwa nikimtafuta.

Kazi yangu ilikuwa kupima watoto. Sikuwapima kilo wala urefu. Nilipima wanavyokumbuka, wanavyotambua maumbo, wanavyopanga jambo kichwani, na pia yale yaliyowakaa moyoni mpaka masomo yakakosa pa kukaa. Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja pale Mbulu mjini, lakini kituoni nilionekana kwa nadra. Nilikuwa njiani, mara Dongobesh, mara Masakta, mara Hirbadaw, mpaka chini kwenye mbuga za Hanang ambako serikali ililima ngano hadi macho yanachoka. Usafiri ulikuwa malori ya mashamba hayo. Nilikaa juu ya magunia ya mbegu, rozari mfukoni, sanduku la bati mapajani, na nikifika shuleni watoto walicheka kwa sababu kwa vumbi lile hata nyusi zangu zilikuwa nyekundu. Namshukuru Mungu kwa kila safari, na kwa madereva ambao hawakuniacha njiani.

Ndani ya sanduku mlikuwa na vitofali vya mbao vyenye pande nyekundu, pande nyeupe na pande za rangi mbili, kadi za michoro ambayo mtoto huiiga kwa kuvipanga, picha, shanga za kutunga, saa ya kupimia muda, ile ya kubonyeza, na kitabu cha maelekezo. Kitabu kilisema mtoto apewe dakika ngapi na asaidiwe wapi. Nilikiheshimu, na bado nakiheshimu. Siku hizi nasikia vijana wakisema vipimo vile vilikuwa upuuzi wa wageni, tungevitupa. Nawakatalia. Bila kipimo, mtoto hubaki mikononi mwa anayepiga kelele zaidi, na mara nyingi huyo ni mtu mzima aliyechoka naye.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Lohay, mzee wa Kiiraqw kama mimi, mrefu, mwenye koti moja. Aliniambia nisifungue sanduku kabla ya kuuliza kama mtoto amekula. Kisha nisimame nyuma yake na kunong'ona jina lake, nione kama atageuka. Kisha nimtoe nje nimwulize yule ng'ombe mweusi wa ng'ambo ya korongo amesimama au amelala. Wangapi waliitwa wazito wa kichwa, kumbe masikio yalijaa usaha au ubao hawauoni! Fanyeni hivyo hata leo. Hakuna mashine inayohitajika.

Lohay hakupenda haraka. Mtoto mmoja wa kambi ya mashamba nilimwambia achore mtu, kwa maana kitabu kilitaka tuhesabu vidole, masikio, shingo na mengineyo. Akachora trekta. Trekta nzuri kweli, hata matundu ya rejeta yalikuwepo, na ndani ya kibanda duara dogo. Nikamwuliza mtu yuko wapi. Akasema huyo ni baba, anaonekana kichwa tu, kwingine kumezibwa na injini. Nikampelekea Lohay ule mchoro nikiwa nimekata tamaa, sina pa kuweka alama. Akautazama sana.

"Theodora," akasema, "mwambie baba yake ashuke kwenye trekta, halafu achore tena."

Nilirudi, nikasema hivyo hivyo. Mtoto akachora baba ameshuka, vidole vyote vipo, na spana mkononi. Tangu siku ile sikumhukumu mtoto kwa swali ambalo sikuliuliza vizuri. Na ndege ya kunyunyizia dawa ilipopita juu ya shule nikiwa katikati ya kipimo cha kumbukumbu, nilisimamisha saa, nikatoka nje na watoto kuitazama, kisha tukaanza upya. Mtu hashindani na ndege.

Sasa niwaambie habari za Emiliana, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Shule yake ilikuwa kati ya Gendabi na mashamba ya ngano. Mwalimu mkuu, mtu mwadilifu kwa mambo mengi, alituma ujumbe kituoni kwamba ana msichana wa darasa la nne asiyefundishika. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa unakaribia, na shule ilitazamwa kwa matokeo yake. Alitaka karatasi yetu iseme hivyo kwa maandishi, ili amwondoe kwenye orodha na kumrudisha nyumbani. Mnajua maana ya kumrudisha msichana nyumbani wakati ule. Hakukuwa na shule nyingine ya kumpokea. Angechunga, angepika, angeolewa, na kalamu asingeishika tena. Kwa hiyo kilichowekwa mezani siku ile kilikuwa dawati la Emiliana.

Nilipofika nilikaa kwanza nyuma ya darasa. Huo pia ni ushauri: kaeni nyuma, mnyamaze. Mwalimu wa darasa aliitwa Rehema, binti wa wafanyabiashara wa Katesh, kijana, ana mtoto mchanga mgongoni kwa khanga huku anafundisha. Emiliana alikaa mwisho kabisa wa benchi, karibu na mlango, daftari amelikumbatia kifuani. Rehema alipopita kati ya madawati kukusanya kazi, yule binti alisogea, akasogea, mpaka nusu ya mwili ikawa nje ya benchi. Daftari hakulitoa.

Wakati wa mapumziko Rehema aliniamkia, akasema kwa uchungu kwamba binti yule anamwogopa na hajui kwa nini. Hajawahi kumchapa. Akikaa kumnyonyesha mtoto, Emiliana hutoka nje. Tangu arudi shuleni, baada ya kukosekana kwa muda mrefu, hajawahi kukabidhi hata mstari mmoja.

Nikampeleka kwenye chumba cha stoo. Alikuwa amekula. Nilinong'ona jina lake, akageuka. Nikafungua sanduku, nikamnyooshea kitofali cha kwanza, nikabonyeza saa. Hakupokea. Alikitazama kwa hamu, nawaambia kweli, kama mtoto anavyotazama sukari enzi zile za uhaba. Lakini mikono aliiweka nyuma. Nilimsemesha Kiswahili, nikamsemesha Kiiraqw. Muda wa kitabu ukaisha. Kwa mujibu wa kitabu, hiyo ni sifuri.

Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni.

"Umeona mwenyewe, mwalimu," akasema. "Andika tu, uwahi lori."

"Sijamaliza."

"Utamaliza lini? Lori likiondoka hakuna jingine leo."

"Basi liondoke."

Akacheka, akasema watu wa Mbulu ni wabishi kama punda wao. Nikamjibu kwamba punda hao ndio waliombebea mahindi anayokula. Tulicheka wote wawili, lakini lori liliondoka kweli, nami nikabaki na sanduku langu. Wakati nakusanya vitofali nilikiacha kimoja juu ya sakafu bila kukusudia. Nilipogeuka, Emiliana alikuwa amechuchumaa, ameking'ang'ania kwa vidole, anakizungusha kutafuta upande wa rangi mbili. Nikamwomba anipe. Hakunipa. Alikiweka chini taratibu, akarudi nyuma hatua, kama kusema, kichukue mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, ingawa si yote. Nikaongozana naye nyumbani.

Aliishi kwa bibi yake, upande wa mlimani. Sisi bibi tunamwita Ama, nami nitamwita hivyo. Baba yake Emiliana, Boay, alikuwa dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano na mzee wa kanisa, na jioni ile alikuwa amekuja kwa baiskeli kumletea mama yake mafuta ya taa. Nikamwamkia Ama shikamoo, nikakaribishwa vizuri. Ama alimimina maziwa, akanipa mimi kikombe mkononi, akampa Boay mkononi. Cha Emiliana akakiweka chini kwenye jamvi, na Emiliana akakiokota. Hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa mazoea tu, kama mtu anavyofunga mlango bila kufikiri.

Kwetu Wairaqw kuna jambo linaloitwa metimani. Msiba wa aina fulani ukiingia nyumbani, kama kifo cha mtoto mchanga, nyumba ile hujitenga. Haichoti maji pamoja na wengine, haichangii kikombe, mifugo yake hulishwa kando, ili msiba usimfuate mtu mwingine. Wazee wakiona muda umetosha, nyumba hufunguliwa, na watu huchangamana tena. Nikamwuliza Boay. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba walifiwa na mtoto wa kiume akiwa bado hajaota meno. Kule kambini watu wa kila kabila walichota bomba moja, mtu hawezi kujitenga, kwa hiyo alimleta mkewe na Emiliana hapa kwa Ama wakae mpaka imalizike. Ilikwisha. Mkewe alirudi kambini. Emiliana akabaki ili asome.

"Ilikwisha," nikasema. "Nani alimwambia Emiliana?"

Boay akamtazama mama yake. Ama akatazama moto.

Hawakumwambia. Taratibu za kufungua nyumba zilifanywa na wakubwa, na watoto walikuwa malishoni. Kila mtu alidhani mwenzake amesema, au kwamba mtoto ataona mwenyewe watu wakianza kuingia na kutoka. Lakini Emiliana alikuwa ameambiwa mwanzoni, tena na Ama mwenyewe, asimpe mtu kitu kwa mkono wake wala asipokee, na zaidi ya wote amwepuke mwenye mtoto mchanga. Na hapo nilimkumbuka Rehema, khanga yake na kile kichwa kidogo mgongoni. Nikaona daftari lililokumbatiwa kifuani. Binti huyu hakumwogopa mwalimu wake. Alikuwa anamlinda mtoto wa mwalimu asife, siku baada ya siku, peke yake, bila kumwambia mtu, na kwa ajili hiyo alikubali kuitwa mzito, hata kufukuzwa.

Boay aliumia sana. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ni mtu wa kanisa. Mwambie tu kwamba mambo hayo ni bure, aache."

Nilikataa. Wenzangu wa kanisani walinisema kwa hilo baadaye, na jibu langu ni lile lile. Mimi nilibatizwa nikiwa mikononi mwa mama yangu, sakramenti ndizo chakula changu, na siogopi kifo kinachopita kwenye kikombe. Lakini ningemwambia mtoto kwamba ilikuwa bure, ningemwambia kwamba Ama wake ni mwongo, na kwamba kujinyima kwake kote hakukuwa na maana. Mtu anayejitenga ili jirani asiumie, Bwana wetu hamcheki. Sembuse mimi.

Nikamgeukia Ama, nikamwomba amwambie imekwisha.

"Yeye ni mtoto," Ama akasema. "Mtoto haambiwi mambo hayo."

"Aliambiwa ilipoanza."

Ama akachokoa moto kwa kijiti, akakitupa ndani. Kisha akamwita Emiliana kwa jina lake la Kiiraqw, ambalo sitaliandika hapa, akamketisha mbele yake. Alimweleza kwa lugha yetu kwamba nyumba ilifunguliwa, kwamba wazee walikaa, kwamba mdogo wake amepumzika na hamfuati mtu. Akamwomba radhi kwa kumsahau. Sijawahi kusikia bibi wa rika lile akimwomba radhi mjukuu. Kisha akamimina maziwa tena, akampa kikombe mkononi, akamwambia aniletee mimi.

Aliniletea kikombe, nusu ya maziwa yakamwagikia gauni langu. Nilipokea kwa mikono miwili. Moyoni nilisema asante kwa Mungu, kwa sauti nikasema tu kwamba maziwa ni mazuri.

Asubuhi nilipima pale uani, juu ya ngozi ya ng'ombe, kwa Kiiraqw, Ama akichambua maharage pembeni. Sasa nisikilizeni, maana najua mnachosubiri. Mnasubiri niseme alikuwa na akili ya ajabu. Hakuwa nayo. Vitofali alivipanga kama watoto wengine wa umri wake, hapa anakosea, hapa anapata. Kumbukumbu yake ya kusikia ilikuwa nzuri. Kusoma ndiko kulikokwama, na si kwa sababu ya msiba peke yake. Herufi zilimgeukia, silabi alizibadilisha nafasi, neno alilolisoma juu hakulitambua lilipojirudia chini. Alikuwa na mambo mawili, huzuni iliyofungwa bila kufunguliwa, na shida ya kusoma ambayo ingekuwepo hata kama mdogo wake angekuwa hai. Ndiyo maana natetea kipimo. Moyo mwema peke yake ungeniambia mtoto amepona kwa kikombe cha maziwa, nami ningekwenda zangu nikimwacha azame kwenye kusoma.

Niliandika hivi: anafundishika, ana shida ya kusoma inayosaidika, arudie darasa la tatu, akae mbele, asomewe kwa sauti, apewe muda.

Ama na Boay walitusindikiza mpaka shuleni. Mwalimu mkuu alisoma karatasi amesimama. Akasema muda ndicho kitu asichokuwa nacho, na kwamba yeye hakuomba maoni ya kurudia darasa. Akaniuliza kama namba ya kipimo iko chini ya kiwango au haiko. Nikamwambia namba ninayo, na sitaitoa peke yake bila maneno yake, kwa kuwa najua atakachoifanyia. Akasema atamwandikia mkubwa wangu. Nikasema aandike, na ampe salamu zangu. Kisha nikakaa kwenye ngazi ya darasa la nne na sanduku langu, nikaeleza kwamba sitaondoka mpaka atie sahihi.

Ndani, Rehema alikuwa anakusanya madaftari. Nilikuwa nimemweleza mambo yote alipofika, na alilia kidogo, akajifuta kwa pindo la khanga. Sasa alifika mwisho wa benchi na kunyoosha mkono. Darasa zima liliinua vichwa, maana watoto hujua. Mwalimu mkuu akageuka kutazama.

Emiliana alisimama. Alilitoa daftari kifuani, akalinyoosha, akalirudisha. Akatazama kile kichwa kidogo mgongoni. Kwa mara ya kwanza tangu arudi shule ile, alizungumza mbele ya watu.

"Na mtoto?"

"Mtoto hana neno," Rehema akasema. "Nipe."

Hakumvuta wala hakumhimiza. Mkono wake ulikaa pale hewani mpaka nikadhani utachoka. Mwalimu mkuu alitaka kusema kitu, nikamwinulia kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, naye, Mungu ambariki, akanyamaza. Daftari likapita, mkono kwa mkono.

Lilikuwa tupu karibu lote. Mwalimu mkuu alitia sahihi bila kunitazama.

Barua yake aliiandika hata hivyo, na mkubwa wangu aliniita. Nilikaripiwa kwa kurudia kipimo siku ya pili, nje ya chumba, kwa lugha ya nyumbani, mbele ya bibi. Yote hayo nilikuwa nimeyaandika mwenyewe kwenye taarifa, ili atakayesoma ajue ninasema nini na sisemi nini. Walinizuia kusafiri kwa kipindi, nikapanga kadi kabatini kwa subira, kisha nikasafiri tena na kufanya vilevile kila ilipolazimu. Fuateni kitabu. Mkilazimika kukiacha, andikeni mmekiacha wapi na kwa nini, mtie sahihi yenu, mpokee karipio.

Mnapenda habari ambazo mtoto kama huyu huishia kuwa daktari. Emiliana hakuwa daktari, nami sikumwahidi mtu daktari. Alimaliza darasa la saba kwa taabu. Analima mahindi na maharage Gendabi, amezaa watoto na kuwasomesha. Mashamba yale ya ngano yalishabadilisha wenyewe, kombaini ya Boay nadhani imebaki mabati.

Pasaka iliyopita nilialikwa kanisani kwao. Somo la pili lilisomwa na yeye. Anasoma polepole mno, kidole chini ya mstari, na akifika kwenye jina refu la mji wa kale husimama, huanza tena, husimama. Kijana mmoja mgeni mbele yangu aliangalia simu yake, akahema. Hakuna mwingine aliyehema. Kanisa zima lilikaa kimya likimsubiri, wazee, akina mama, na watoto mapajani mwao, mpaka akamaliza.

Nanyi msubirini.